Mkono wa Mwezi wa Sita

Ndugu zangu wa Nakwa, wa Maisaka, wa Mutuka, na ninyi nyote mnaonunua mboga Babati mjini, nipeni nafasi niwaeleze. Habari hii mmeshaisikia vipande vipande, na wengi mmeisikia kutoka kwangu mimi, Paskali kinyozi, baba yake Felix, nikiwa na mashine mkononi na kichwa cha mtu mbele yangu. Wakati ule niliisimulia ili watu wacheke. Leo naisimulia yote, pamoja na ile sehemu niliyokuwa naificha.

Mngefika shambani kwa Wilbroad na mkewe Natalia asubuhi ya Ijumaa, miaka miwili iliyopita, mngetamani kuishi pale. Shamba lao lipo Nakwa, ekari moja na nusu, na matuta yake yamenyooka. Ijumaa ndiyo siku ya kuvuna. Natalia anakata spinachi huku anaimba wimbo wa kwaya, sauti ya pili peke yake, kana kwamba wenzake wa sauti ya kwanza wamejificha kwenye migomba. Wilbroad ameinama kwenye beseni anaosha karoti. Binti yao Irine, wa darasa la nne, anafunga mnafu mafungu mafungu kabla ya kwenda shule, na akikosea baba yake anamrushia matone ya maji usoni. Wote watatu wanacheka, kisha kazi inaendelea.

Lile shamba lilianzishwa na Wilbroad. Nataka mlishike hilo. Kabla hajaoa alifanya kazi miaka sita huko Arusha kwenye shamba moja la maua, kazi yake kupulizia dawa, na ngozi ya mikono yake ikababuka mpaka akawa hawezi kushika kijiko cha chai ya moto. Alirudi nyumbani akiapa kwamba hatashika tena chupa ya sumu maisha yake yote. Ndiye aliyemfundisha Natalia kutengeneza mboji. Ndiye aliyebuni dawa yao ya wadudu: majani ya mwarobaini, pilipili kichaa, vitunguu saumu, majivu na kipande cha sabuni ya mche, vyote vinalowekwa siku mbili kwenye ndoo, vinachujwa, vinatiwa kwenye bomba la kupulizia.

Lakini Wilbroad ni mtu wa maneno machache. Ukimsalimia anaitikia, ukikaa kimya naye anakaa. Natalia ndiye mwenye ulimi. Jumamosi alipopanga meza yake mjini hakuna mteja aliyepita bila kuitwa kwa jina la mtoto wake. Ukimuuliza, "Mama Irine, kweli hamtumii sumu?" anachukua bomba lenye dawa yao, anajipulizia kidogo kiganjani, analamba mbele yako, anakunja uso kwa ukali wa pilipili. Watu wanacheka, wananunua. Mchezo ule wa kulamba dawa alifundishwa na mumewe. Nani aliuliza hilo? Tukaita mboga za Mama Irine, shamba la Mama Irine, na hata ile ndoo tukaiita dawa ya Mama Irine. Mwanzoni Wilbroad hakujali, naweza hata kusema alifurahi.

Kisha ikaja kalenda.

Kikundi chetu cha kilimo hai kina kaya ishirini na mbili. Mimi nimo, kwa bustani yangu ya mchicha nyuma ya nyumba. Tunauza kwa nembo moja, tunakaguana wenyewe kwa wenyewe: mimi nakagua shamba lako, wewe unakagua la jirani, na akianguka mmoja tumeanguka wote. Mwaka ule wafadhili walituma mpiga picha azunguke mashamba yetu ili kikundi kitoe kalenda. Alipofika kwa Wilbroad alimsimamisha Natalia katikati ya karoti. Wilbroad alikuwa ameshika ndoo kando yake. Mpiga picha akasema, "Mzee, samahani, sogea kidogo, unatuwekea kivuli." Akasogea. Kumbe hakusogea vya kutosha.

Kalenda ilipotoka, Natalia alipewa mwezi wa sita. Picha ilipendeza kweli: kitambaa cha njano kichwani, karoti mkononi, meno yote nje. Chini imeandikwa, "Mama Irine shambani kwake." Na pembeni kabisa, upande wa kushoto, kuna mkono wa mwanaume umeshika mpini wa ndoo. Mkono tu mpaka kwenye kiwiko. Mwenyewe amekatwa.

Kalenda hiyo ilitundikwa kila mahali, na kwangu saluni niliitundika juu ya kioo. Mwezi wa sita ulipoingia nikafunua ukurasa. Siku hiyo hiyo mteja mmoja akauliza, "Huyu si Mama Irine?"

"Ndiye," nikasema.

"Na huu mkono ni wa nani?"

Wilbroad alikuwa amekaa kwenye benchi anasubiri zamu yake. Nilimwona vizuri kwenye kioo. Nikajibu, "Huo? Huo ni wa kibarua wake."

Saluni nzima ikapasuka kwa kicheko. Wilbroad naye alicheka, ila macho yake hayakucheka, na hilo nililiona. Ningeweza kuomba radhi. Badala yake zamu yake ilipofika nikapangusa kiti na kusema, "Karibu, Bwana Mkono."

Jina likashika. Ndani ya wiki moja lilishafika Mutuka. Mwezi wa saba ukaingia, mimi sikufunua ukurasa. Wa nane ukaingia, kwangu ukutani bado ni wa sita, maana kila mteja mgeni aliuliza ule mkono ni wa nani nami nikapata nafasi ya kuchekesha.

Mtaniuliza nilikuwa na sababu gani. Nilikuwa nayo. Yule mpiga picha alikuja na kwangu pia. Nilioga, nikavaa shati la kanisani, nikachuchumaa kwenye mchicha wangu kama bwana harusi, akapiga picha kumi na moja. Hakuna hata moja iliyotoka kwenye kalenda. Roho iliniuma kila nilipoinua macho nikamwona Natalia anacheka juu ya kioo changu. Kwake sikuwa na pa kumshika, nikamshika mumewe. Wivu wangu nikauvalisha nguo ya utani, na watu wakaupenda.

Yaliyotokea nyumbani kwao nilikuja kuambiwa baadaye, mengine na Natalia, mengine na Wilbroad mwenyewe. Alianza kwa kukataa chakula.

"Baba Irine, ugali unapoa."

"Mpe mwenye shamba ale kwanza."

"Mwenye shamba ndiye nani?"

"Kaulize kalenda."

Natalia alidhani ni mzaha, akacheka. Hapo aliharibu zaidi, kwa sababu mwenye donge akichekwa analimeza na linakuwa kubwa. Wilbroad akaanza kuhesabu simu za mkewe. Bwana Herieli, mnunuzi wa mboga wa hoteli moja ya watalii barabara ya Tarangire, alipiga kila Alhamisi kuuliza mzigo. Siku moja Wilbroad akaiwahi simu.

"Mama Irine, habari za shamba?" Herieli akauliza.

"Mwenyewe hayupo," Wilbroad akasema. "Hapa ni mkono." Akakata.

Kanisani akaacha kukaa benchi moja na mkewe. Kwaya ikiimba yeye anaangalia sakafu. Watu wakimpongeza Natalia mlangoni baada ya ibada, yeye ameshafika barabarani. Akawa anamwonea kijicho mwanamke aliyemzalia mtoto, anayemfulia shati lile alilovaa. Natalia naye akawa anaongeza sauti sokoni wakati nyumbani anashusha. Hakumuuliza mumewe swali hata moja la maana, kwa sababu aliogopa jibu.

Mwishoni mwa mwezi ule wa sita Wilbroad akasema, "Nataka sehemu yangu."

"Sehemu gani?"

"Tugawe shamba. Huku kwako, huku kwangu. Nami nijulikane ninalima nini."

Natalia alilia, lakini akakubali ili amani irudi. Wilbroad akavuta kamba ya katani kutoka kwenye bomba la maji mpaka kwenye mgomba wa mwisho. Upande wa juu ukawa wa mke, spinachi na mnafu na karoti. Upande wa chini mume akapanda nyanya. Ijumaa iliyofuata Irine alisimama kwenye ile kamba na beseni lake tupu, akauliza, "Baba, mimi naosha za upande gani?"

Baba aliendelea kuchimba, mama akaendelea kukata spinachi. Akaenda shule mapema.

Nyanya zilistawi. Wilbroad ni fundi wa udongo, hilo halina ubishi. Zilipoanza kutoa maua alikuja saluni akaniambia, "Baba Felix, mwaka huu mtanitafuta." Kisha mwezi wa nane akaingia kantangaze, yule mdudu anayechimba majani ya nyanya mpaka yanakauka kama yamebabuliwa na moto. Mkulima wa nyanya akisikia jina hilo anakosa usingizi. Asubuhi moja Wilbroad akakuta majani ya mistari miwili yamejaa vijia vyeupe.

Natalia aliona. Akachanganya ndoo mbili za dawa, akabeba moja mpaka kwenye kamba.

"Baba Irine, chukua hii. Ukipulizia leo na keshokutwa utawawahi."

"Dawa gani hiyo?"

"Dawa yetu."

"Mbona ina jina lake?" Wilbroad akasema bila kuinua uso. "Hiyo ni dawa ya Mama Irine. Nikiipulizia, nyanya zikipona, watasema zimeponywa na nani?"

"Lakini wewe ndiye uliyeibuni! Mimi si ulinifundisha wewe?"

"Kumbe unakumbuka."

Ndugu zangu, nimeifikiria siku ile mara nyingi. Mtu alikataa dawa aliyoibuni kwa akili yake, dawa ambayo angeitengeneza amefumba macho, eti kwa sababu watu wa sokoni waliipa jina la mkewe. Ile ndoo ilikaa kwenye kamba mpaka jioni, Natalia akaimwaga kwenye mnafu wake.

Alhamisi, Natalia akiwa mazoezi ya kwaya, Wilbroad alikwenda mjini, akanunua chupa ya sumu ya dukani. Mikono ile ile yenye makovu ya Arusha ikafungua kizibo. Akapulizia nyanya zake zote. Bomba la kupulizia nyumbani kwao ni moja tu. Akalisuuza mara moja kwa maji, akalirudisha stoo pale lilipokuwa. Na sisi tunaolima tunajua, bomba lililobeba sumu halisafishiki kwa kusuuzwa mara moja. Jumatatu Natalia alitia humo mwarobaini wake na pilipili yake, akapulizia spinachi, akiimba.

Kantangaze akaisha. Nyanya zikaiva, nyekundu, ngozi inang'aa, hazina hata doa. Wilbroad akaenda sokoni mwenyewe, akapanga meza yake kando ya meza ya mkewe. Watu wakazisifu nyanya za Baba Irine. Alikuja kwangu siku ile akiwa amenyooka mgongo. "Ninyoe vizuri leo," akasema, akaiangalia kalenda juu ya kioo bila kupepesa.

Zamu ya kukagua upande wake ilinidondokea mimi. Nilipita kati ya mistari, nikaona kwenye majani ya chini vidoa vyeupe vilivyokauka.

"Hivi ni nini, Baba Irine?"

"Majivu."

Majivu nayajua. Yale hayakuwa majivu. Lakini nilikuwa na aibu ya lile jina nililompa, nikasema moyoni, mwache mwenzako apumue. Nikatia saini. Nilidhani ninamtendea wema.

Wiki ya tatu ya mwezi wa tisa Bwana Herieli hakupiga simu. Alikuja mwenyewe na barua. Hoteli yao huchukua mboga kidogo kila msimu na kuzipeleka kupimwa, na safari hii walikuwa wamepima spinachi za Natalia. Zilikutwa na mabaki ya sumu. Mwenyekiti wetu, Mama Xaveria, mama mtu mzima ambaye hacheki ovyo, akaitisha mkutano wa kikundi pale pale shambani kwa Wilbroad, Jumatano asubuhi, ili tukague na tuhoji.

Tulikaa uani kwenye mabenchi ya kuazima, kaya zote ishirini na mbili, pamoja na Bwana Herieli. Natalia alikuwa amepika chai asubuhi na mapema kwa ajili yetu. Hakuna aliyeinywa.

"Mama Irine," Mama Xaveria akaanza, "barua umeisoma?"

"Nimeisoma, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Tuambie basi."

"Sina cha kuwaambia. Sijawahi kushika sumu. Sijui hata inanukaje."

Maneno yakaanza kumwagika. Mmoja akasema Natalia alikuwa anatafuta sifa za haraka. Mwingine akasema ndiyo matokeo ya kuwekwa kwenye kalenda, kichwa kinavimba. Mama mmoja wa Mutuka, mjane, alilia akisema watoto wake wanasoma kwa karoti na sasa nembo inaondoka. Midomo ile ile iliyosema mboga za Mama Irine, sasa ilisema sumu ya Mama Irine. Mimi nilikumbuka vidoa vyeupe, na saini yangu, na nikaangalia viatu vyangu.

Wilbroad alikaa benchi la nyuma. Hakusimama kumtetea. Hili nimeruhusiwa na yeye kulisema, vinginevyo nisingelisema. Aliniambia, "Paskali, walipokuwa wanamshambulia nilisikia utamu. Hapa kifuani. Nilijua ni sumu yangu, na bado nilisikia utamu. Nilisema, acha naye ajue kukatwa pembeni kukoje."

Natalia akasimama. "Basi hakuna atakayeniamini kwa maneno," akasema. "Nitafanya kama ninavyofanya sokoni siku zote. Lakini leo silambi. Leo nakunywa."

Akaenda stoo, akatoka na bomba. Akalitikisa, likasikika lina maji chini. "Hii ni dawa yangu iliyobaki jana," akasema. Hakujua kwamba alfajiri ile, yeye akiwa jikoni anatupikia chai, mumewe alikuwa ameimwaga dawa hiyo, akatia sumu na kupulizia nyanya zake kwa mara ya tatu, maana kantangaze alikuwa ameanza kurudi. Bomba lile lilinuka pilipili siku zote, basi pua haikumwambia kitu. Akachukua kikombe chekundu cha plastiki, akapulizia humo mpaka kikafika robo.

"Kama ni sumu, iniue mimi kwanza," akasema.

Akakiinua taratibu ili kila mmoja aone. Mimi niligeuka nikamwangalia Wilbroad. Alikuwa amekodoa macho, na uso wake umekuwa wa mtu ambaye simjui. Kikombe kilipita kifuani kwa Natalia, kikapita shingo. Kilipogusa mdomo, Wilbroad aliruka lile benchi.

"Natalia!"

Miaka kumi sikuwahi kumsikia akimwita mkewe kwa jina. Mkono wake ukakipiga kikombe kikaruka mpaka ukutani. Maji yakammwagikia Natalia kidevuni na kifuani, yakammwagikia na Wilbroad mkononi mpaka kwenye kiwiko.

"Tema! Usimeze! Ni yangu!" alikuwa anapiga kelele huku akimpangusa mdomo kwa shati lake. "Sumu ni yangu! Ni yangu mimi! Ni yangu!"

Mtu aliyetaka kwa miezi mitatu kitu kimoja tu kiitwe chake mbele za watu, hicho ndicho alichokipata.

Tulimwosha Natalia kwa maji na sabuni, Bwana Herieli akampeleka hospitali kwa gari lake. Alikaa chini ya uangalizi mpaka jioni. Kilichomfikia ulimini kilikuwa kidogo, alitapika mara mbili, kisha Mungu akamsaidia. Nilikuwepo Wilbroad alipoingia wodini na kupiga magoti kando ya kitanda. Aliomba msamaha kwa maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia akisema. Natalia alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kikombe nilikiinua taratibu, Baba Irine," akasema. "Ulikuwa na muda."

Akageukia ukutani.

Nembo tulinyang'anywa msimu mzima, kaya zote ishirini na mbili, zile ishirini zisizojua lolote zikiwemo. Hoteli ikatafuta mboga kwingine. Yule mama wa Mutuka aling'oa karoti zake akauza kwa bei ya kutupa. Nyanya za Wilbroad zilifukiwa kwenye shimo, nzuri vile vile zilivyokuwa, na alizifukia peke yake. Pale sumu ilipommwagikia mkononi, ngozi ilibabuka tena kama zamani.

Natalia alimchukua Irine akaenda kwa wazazi wake Mbulu. Alikaa huko mpaka mvua za kwanza. Kabla hajaondoka nilikwenda kumwomba radhi. Nilibeba ile kalenda, maana sikuweza tena kuiona ukutani kwangu. Ilikuwa mwezi wa kumi na bado ukurasa ulikuwa wa sita. Nikamweleza yote, utani na sababu ya utani, na ile saini.

Aliichukua, akaiweka mapajani, akaigusa picha upande wa kushoto.

"Shemeji," akasema, "mpiga picha aliniuliza hili ni shamba la nani. Nikamwambia, andika shamba la Wilbroad. Hakuandika. Mimi niliona ni jambo dogo, sikumwambia Baba Irine." Akaweka kidole juu ya ule mkono. "Na picha hii niliipenda kwa sababu huu mkono umo. Nilidhani anajua."

Niliondoka bila kuaga vizuri.

Alirudi mwezi wa kumi na mbili. Wanalima tena, na msimu huu tumerudishiwa nembo kwa masharti. Wilbroad husimama mezani sokoni kila Jumamosi, na mteja akiuliza kama kweli hawatumii sumu anamsimulia alichofanya, kwa sauti, bila kujificha. Natalia hupanga mafungu pembeni. Halambi tena dawa mbele ya watu. Ile kamba ya katani bado ipo. Wilbroad aliomba aiondoe, Natalia akamwambia, bado. Lakini Ijumaa iliyopita nilipita pale nikamwona Irine amevuka na beseni lake, anaosha karoti za mama kwenye maji ya upande wa baba, wala hakuuliza mtu.

FUNZO

Ndugu zangu, wivu wa jirani una ukuta wa kuuzuia. Wivu wa ndani ya nyumba unakula sahani moja na wewe na unajua bomba linapowekwa. Baba unayesikia uchungu mkeo akisifiwa, sema mapema, sema ukiwa umekaa, kabla uchungu haujawa utamu wa kumwona anaanguka. Ukifika kwenye utamu huo umeshapotea, na usijidanganye kwamba utaruka benchi kwa wakati. Na wewe unayesifiwa, mama au baba, mtaje mwenzako kwa jina lake, kisha nenda nyumbani ukamwambie kwamba umemtaja. Usiseme anajua. Natalia alidhani anajua.

Tunaolima bila sumu tumejifunza kwa hasara kwamba uaminifu wa wengi unaweza kuchafuliwa na bomba moja lililosuuzwa haraka haraka. Ukitumwa kukagua, kagua. Aibu yako isitie saini.

Lakini funzo langu kubwa ni letu sisi wa saluni, wa vijiweni, wa mlangoni kanisani, tunaompa mtu jina na kurudi nyumbani kulala. Mimi sikununua ile chupa. Nilisukuma tu, kila siku kidogo, huku nacheka, kwa sababu picha yangu haikutoka. Kalenda mpya ya kikundi imefika na nimeitundika juu ya kioo. Kila mwezi unapokwisha nafunua ukurasa siku hiyo hiyo. Nanyi mkiona picha ya mtu anayesifiwa na pembeni yake kuna mkono, mwulizeni mwenye mkono anaitwa nani, kisha mngojeni ajibu mwenyewe. Msimjibie kama nilivyomjibia mimi.